Karata na mabomu kwenye seva: njia nne za kurudisha michezo ya zamani ya Windows darasani

Wiki ya kwanza ya kila kundi jipya kwenye chumba chetu cha mafunzo ya kompyuta, hapa Mwanjelwa, Mbeya, ni wiki ya mausi. Hatufungui Word wala hatugusi Excel. Tunacheza karata. Mwezi wa saba mwaka mmoja alikuja mzee kutoka Tukuyu, koti zito mwilini, vidole vimekakamaa kwa baridi, na mausi aliishika kama mtu aliyeshika kuku asije akamtoroka. Anaibana, anainyanyua juu ya meza, halafu anashangaa mshale hausogei. Maelezo yangu hayakumsaidia. Kilichomsaidia ni nane ya kopa. Nilimwambia aitoe ilipo aiweke juu ya tisa ya shupaza. Akabonyeza, akaiburuta, akaiachia njiani, karata ikarudi kwao. Akarudia. Mara ya sita au ya saba ikakaa. Akanigeukia, akasema, "Ndaga fijo, mwalimu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Kuanzia siku hiyo sikuhitaji kumweleza tena maana ya kuburuta.

Shida ilianza tulipobadilisha vifaa. Zamani kila mwanafunzi alikaa na kompyuta yake yenye Windows XP, na karata zilikuwemo humohumo. Sasa tuna skrini kumi zilizounganishwa na visanduku vidogo visivyo na diski, vyote vinategemea seva (kompyuta kuu) moja ya mtumba yenye Windows Server 2019. Matengenezo yamekuwa rahisi, na virusi vya kwenye flashi havisambai tena kutoka mashine hadi mashine. Lakini ukifungua menyu ya Start ukatafuta Solitaire, zile karata za mtu mmoja, haipo. Minesweeper, ule mchezo wa kutafuta mabomu yaliyofichwa, haipo. Matoleo ya sasa ya Windows Server hayaji na michezo.

Michezo yenyewe ina historia ndefu. Solitaire iliingia na Windows 3.0 mwaka 1990. Aliyeiandika ni Wes Cherry, kijana aliyekuwa Microsoft kwa mafunzo ya kazi, na sura za karata zilichorwa na Susan Kare. Minesweeper ikawa sehemu ya Windows 3.1 mwaka 1992, na FreeCell, mchezo mwingine wa karata, ikafuata na Windows 95. Mwaka 2012 Windows 8 ilitoka bila hata mmoja kati yao. Microsoft waliihamishia kwenye duka lao la mtandaoni, na duka hilo halimo kwenye Windows Server 2016, 2019 wala 2022. Kwa hiyo ile njia ambayo mtu wa Windows 10 anaifuata, kushusha toka dukani, kwetu haipo.

Walimu wenzangu wa Iringa na Njombe wameniuliza suala hili mara kadhaa, na kila mmoja mazingira yake ni tofauti. Ndiyo maana sitasema njia moja ndiyo bora kwa wote. Nitalinganisha nne ambazo nimezishika kwa mikono yangu: kunakili faili za michezo kutoka Windows ya zamani, kufunga michezo ya programu huria (zinazoruhusiwa kunakiliwa na kugawiwa bure) juu ya Windows Server ileile, kuwasha Windows ya zamani ndani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya seva, na kutumia seva ya Linux, mfumo huria unaoshika nafasi ya Windows.

Nitazipima kwa mambo matano. Je, leseni inaruhusu? Seva inabaki salama? Watu wangapi wanaweza kucheza kwa pamoja, na seva inabeba mzigo gani? Inakula bando na muda kiasi gani kufunga? Na la mwisho, ambalo kwangu ni zito kuliko yote: mwanafunzi anaona nini mbele yake, na mkono wake unajifunza nini?

Kabla ya kuchagua, angalia seva yako

Windows Server hufungwa kwa namna mbili. Ipo Server Core, isiyo na menyu ya Start wala madirisha ya kawaida, na ipo yenye Desktop Experience, inayoonekana kama Windows uliyoizoea. Kuanzia toleo la 2016 uamuzi huo unafanyika siku ya kufunga. Huwezi kubadili baadaye bila kufunga upya. Kama ulirithi seva ukakuta skrini nyeusi yenye maandishi tu, njia mbili za kwanza zisahau.

Jambo jingine ambalo watu wengi hulijua wakiwa wamechelewa: Windows Server inaruhusu watu wawili tu kuingia kwa Remote Desktop, njia ya kuitumia seva kutoka skrini nyingine, kwa kazi za usimamizi. Darasa la watu kumi linahitaji huduma ya Remote Desktop Services na leseni ya kila mtumiaji au kila kifaa. Ukiifunga bila leseni hizo inakupa siku 120 za neema, kisha milango inafungwa. Nimeona chumba kizima kikigoma siku ya mtihani kwa sababu hiyo, na wanafunzi wakadhani wao ndio waliokosea.

Leseni

Kunakili faili ndiyo njia ambayo kila fundi wa mtaani atakushauri. Unachukua sol.exe, freecell.exe, winmine.exe na cards.dll kutoka kompyuta yenye XP, unaziweka kwenye folda moja ya seva, kazi imekwisha. Kiufundi inakubali. Kisheria haijakaa sawa. Leseni ya XP inaitambua Windows kama bidhaa moja, na inakataza kuzitenganisha sehemu zake ili zitumike kwenye kifaa zaidi ya kimoja. Kwa mtu binafsi nyumbani kwake huenda hakuna atakayegonga mlango. Kwa chuo kilichosajiliwa, au ofisi inayokaguliwa, ni tofauti: mkaguzi akiuliza programu hii mmeipata wapi, jibu huna.

Kompyuta pepe ina mtego ambao wengi hawauoni. Leseni ya Windows Server Standard inakupa haki ya kuwasha kompyuta pepe mbili, lakini haki hiyo ni ya Windows Server, haihusu XP wala Windows 7. Windows ya zamani unayoiweka humo inahitaji leseni yake yenyewe. Na ile stika ya rangi iliyobandikwa ubavuni mwa kompyuta ya zamani mara nyingi imefungwa kwa mashine ileile iliyouzwa nayo.

Kwa programu huria na Linux hakuna cha kujadili. Mkusanyiko wa mafumbo wa Simon Tatham, yuleyule aliyetengeneza PuTTY (programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali), una leseni huria ya MIT. PySolFC, mkusanyiko wa karata za mtu mmoja, ina leseni huria ya GPL. Debian, aina moja ya Linux, pamoja na michezo yake ni bure, unaruhusiwa kunakili, kugawa, hata kumpa mwanafunzi kwenye flashi aende nayo Chunya. Hilo la mwisho nalithamini sana. Mwanafunzi akipenda kitu darasani, nataka niweze kumpa bila kumfundisha wizi.

Usalama

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia.

Faili za XP zenyewe, ukizitoa kwenye diski halisi ya XP, si hatari. Ni programu ndogo, hazihitaji kufungwa, hazihitaji haki za msimamizi, hazigusi mtandao. Hatari ipo kwenye mahali unapozipatia. Ukitafuta mtandaoni "michezo ya Windows 7 kwa Server" utakuta vifurushi chungu nzima, na ujue sababu: michezo ya Windows 7 haikubali kufunguka juu ya Windows 8 na kuendelea bila kuchokonolewa. Maana yake kila kifurushi cha namna hiyo kimepita mikononi mwa mtu usiyemjua, akabadilisha faili, akaziweka kwenye kisakinishi chake, na wewe unakiwasha kwenye seva ukiwa na akaunti ya msimamizi.

Mimi hilo limenikuta. Miaka ya nyuma, kwenye ofisi ndogo niliyokuwa nawasaidia, nilishusha kifurushi kimoja usiku, nikabonyeza "Next" mara tano bila kusoma. Karata zilifunguka vizuri. Asubuhi kila aliyeingia kwenye seva alikuta kivinjari chake kimebadilika, matangazo yanachomoza kila kona, na kuna programu ya "kusafisha kompyuta" ambayo hakuna aliyeiita. Kuiondoa kulinichukua siku mbili, na kwa siku hizo mbili kazi za watu wote zilisimama kwa sababu ya mchezo. Kwenye kompyuta ya mtu mmoja kosa la namna hiyo linamuumiza mtu mmoja. Kwenye seva linawaumiza wote, na lawama inakwenda kwa aliyeshika nenosiri la msimamizi.

Kwa hiyo ukiamua kunakili, chukua za XP, tena kutoka diski unayoijua. Weka folda ya michezo ndani ya Program Files ambako mtumiaji wa kawaida anaweza kusoma na kuwasha lakini hawezi kubadilisha. Usiiache kwenye folda iliyo wazi kwa kila mtu kuandika, maana siku moja mtu ataweka humo winmine.exe ambayo si winmine.

Programu huria nayo ishushe kwenye ukurasa wa watengenezaji wenyewe. Pale ambapo wametangaza alama ya uhakiki ya faili, ilinganishe: kwenye PowerShell, dirisha la amri la Windows, unaandika Get-FileHash kisha jina la faili, unaangalia herufi kama zinafanana. Ni dakika moja. Mafumbo ya Tatham yana uzuri mwingine, kila mchezo unapatikana kama faili moja ya exe. Hakuna kisakinishi, na ukiufuta umekwisha.

Kompyuta pepe ina sura mbili. XP iliacha kupata marekebisho ya usalama Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020. Ukiiunganisha na mtandao wa chuo umefungua dirisha lisilo na nondo. Lakini ukiinyima mtandao kabisa, yaani ukaiumba bila kadi ya mtandao, inakuwa ngome. Isitoshe Hyper-V, programu ya Microsoft ya kuendesha kompyuta pepe, inakuwezesha kupiga nakala ya hali ya mashine, mwanafunzi akaharibu anavyotaka, jioni ukairudisha ilivyokuwa asubuhi.

Linux, ukishusha michezo kwenye hazina rasmi za Debian au Ubuntu, ndiyo yenye wasiwasi mdogo kuliko zote. Orodha ya vifurushi imetiwa saini, na mfumo wenyewe unakagua kila kifurushi dhidi yake kabla ya kukifunga.

Watu wangapi, na mzigo gani

Solitaire ya XP hailemei seva yoyote. Watu kumi wakiicheza kwa pamoja, prosesa inakaa kama hakuna kitu. Minesweeper ya XP ina jambo dogo zuri: rekodi za muda inaziweka kwenye akaunti ya mtumiaji, kwa hiyo kila mwanafunzi akiwa na akaunti yake, rekodi zake ni zake. Ukiwaweka wote kwenye akaunti moja wataandikiana majina na ugomvi utaanza. Kumbuka pia kwamba seva za Windows kuanzia 2008 R2 ni za biti 64 peke yake, na Windows ya namna hiyo haiwezi kuwasha programu za biti 16. Zile za Windows 3.1 ambazo mtu amezitunza kwenye flopi hazitafunguka. Za XP ni za biti 32, hizo zinafunguka.

Michezo ya Windows 7 ina michoro inayotegemea kadi ya video. Kupitia Remote Desktop inaonyesha onyo la kukosa nguvu ya kadi hiyo, kisha inajikokota. Kwa darasa siipendekezi.

Programu huria: mafumbo ya Tatham ni mepesi kama ya XP. PySolFC ni nzito zaidi kwa sababu inabeba Python yake, lugha ya programu iliyoandikiwa, lakini kwa watu kumi seva yenye RAM ya GB 16 haihangaiki.

Kompyuta pepe ndiyo inayokwama hapa. XP au Windows 7 inapokea mtu mmoja kwa wakati mmoja. Wanafunzi kumi ni kompyuta pepe kumi. XP ingeweza kuishi na RAM ya MB 128, Windows 7 inadai angalau GB 1 kila moja, na diski yake GB 16. Na kuna kikwazo kingine kilichonitesa jioni nzima: XP ndani ya Hyper-V, ukiitazama kupitia Remote Desktop kabla ya kuweka viunganishi vyake (programu ndogo zinazoipatanisha na Hyper-V), mausi haifanyi kazi. Kibodi inakubali, mausi haitikisiki. Diski ya viunganishi hivyo ilikuja na Hyper-V mpaka 2012 R2, na kuanzia 2016 imeondolewa. Ni jambo la kukatisha tamaa kwa mtu ambaye lengo lake lote ni kufundisha mausi.

Linux haina leseni za kuhesabu watumiaji. Idadi inapangwa na RAM yako. Na habari njema kwa wenye visanduku kama vyetu: ukifunga xrdp kwenye Debian, visanduku vinavyozungumza lugha ya Remote Desktop vinaingia kwake kama vinavyoingia kwenye Windows. Hununui kitu.

Bando na muda

Faili za XP hazifiki hata MB 1 zikiwa pamoja. Flashi yoyote inatosha na dakika tano zimekwisha. Mafumbo ya Tatham yanashuka haraka hata kwa bando la jioni. PySolFC inahitaji subira zaidi. Linux: diski ndogo ya kuanzia ya Debian haifiki GB 1, lakini mazingira ya madirisha na michezo vitashushwa juu yake, hivyo fanya usiku penye mtandao mzuri, mara moja, kisha imekwisha. Kompyuta pepe inahitaji diski ya Windows ambayo tayari unayo, lakini tenga siku nzima, pamoja na kuingia kwenye BIOS, mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, kuhakikisha uwezo wa kuendesha kompyuta pepe umewashwa. Seva nyingi za mtumba zinafika uwezo huo ukiwa umezimwa.

Mwanafunzi anaona nini

Mtu aliyewahi kucheza kwenye kompyuta ya ofisi mwaka 2005 anataka mchezo uleule: meza ya kijani, karata zenye migongo ile, na zile karata zinazorukaruka mwishoni ukishinda. Kwa huyo faili za XP au kompyuta pepe ndizo zinazompa kitu chenyewe. Kupitia Remote Desktop karata za mwisho zinaruka kwa kukatikakatika, lakini ndizo.

Mwanafunzi wangu wa kawaida hajawahi kuziona. Yeye hana kumbukumbu ya kurudishiwa. Ana mkono wa kufundishwa. Anachohitaji ni vitu vitatu: kubofya, kuburuta, na kubofya kwa kidole cha kulia. Karata zinafundisha viwili vya kwanza, mabomu yanafundisha cha tatu, kwa sababu kibendera hakiwekwi bila kitufe cha kulia. Kwa kipimo hicho, PySolFC au AisleRiot ya Linux inafanya kazi ileile ya Solitaire, na sijaona mwanafunzi aliyechelewa kwa sababu mgongo wa karata ni wa rangi nyingine.

Kwenye mabomu, programu huria inashinda kwa jambo moja ambalo mwalimu ataliona haraka. Minesweeper ya zamani mara nyingi inakufikisha mahali ambapo hakuna hesabu inayokusaidia. Unabahatisha kati ya miraba miwili, unalipuka. Mwanafunzi mwoga akilipuka kwa kubahatisha anasema kompyuta haimpendi. Mchezo wa Mines wa Tatham umetengenezwa ili kila uwanja utatulike kwa kufikiri tu, bila kubahatisha. Akilipuka, kosa ni lake na anaweza kuliona. Nimekaa na mama mmoja muuza viazi wa Uyole, tukihesabu pamoja: hapa pameandikwa 1, jirani aliyefichwa amebaki mmoja, basi bomu ni huyo. Aliweka kibendera, akafungua mraba wa pili, uwanja ukafunguka nusu nzima. Alipiga makofi peke yake.

Yeye huyohuyo aliniuliza kwa nini lazima yawe mabomu. Swali la haki. Minesweeper ya Windows 7 ilikuwa na uchaguzi wa kuyageuza maua, na KMines ya Linux ina mandhari ya bustani. Kama darasani kwako kuna mtu ambaye neno bomu linamgusa vibaya, Linux inakupa nafasi hiyo kwa uhalali.

Pungufu la mafumbo ya Tatham ni kwamba hakuna karata ndani yake, na hayatunzi rekodi za washindi. Pungufu la PySolFC ni wingi: ina aina zaidi ya 1,000 za karata za mtu mmoja, na mwanafunzi wa siku ya kwanza akifungua orodha anapotea. Mfungulie mwenyewe Klondike, ndiyo ileile Solitaire ya Windows, orodha mwache aje kuikuta baadaye.

Uchague ipi, kulingana na hali yako

Kama seva yako inabeba hesabu za watu, mishahara, au taarifa za wagonjwa, usiweke mchezo wowote juu yake. Si programu huria, si XP. Hata mchezo salama unawapa watu sababu ya kukaa kwenye seva ambayo hawapaswi kuigusa. Tafuta kompyuta nyingine.

Kama una chumba cha mafunzo chenye Windows Server na leseni za Remote Desktop zipo tayari, na unataka kuanza kesho, weka PySolFC kwa karata na Mines ya Tatham kwa kitufe cha kulia. Unabaki na Windows, Word na Excel mahali pamoja, na mkaguzi akija huna cha kuficha.

Kama leseni za Remote Desktop ndizo zinazokuelemea, au huna kabisa, tafuta kompyuta ya mezani ya zamani, hata ile iliyowekwa stoo, ongeza RAM, weka Debian na xrdp. Iwe ya wiki ya kwanza tu. Visanduku viingie huko kwa karata, kisha, kama mna leseni chache, wiki ya pili mrudi kwenye seva ya Windows kwa zamu. Mwalimu mwenzangu wa Mafinga anafanya hivi, na anasema wanafunzi wake hawaulizi hata mfumo umebadilika. Ukienda njia hii kumbuka kitu kimoja cha Debian: michezo inakaa kwenye /usr/games, na ukiwa umeingia kama root, yaani msimamizi mkuu, mfumo hautafuti huko. Ukiandika jina la mchezo ukaambiwa haupo, ingia kama mtumiaji wa kawaida kabla ya kudhani umekosea kufunga.

Kama seva ni ya kwako binafsi, nyumbani, unajifunzia, na unachokitafuta ni Solitaire ya ujana wako yenyewe na si ndugu yake, na bado una diski ya XP yenye leseni yake, kompyuta pepe isiyo na mtandao ni nzuri. Kwa seva ya 2012 R2 itakuwa rahisi kuliko ya 2016 na kuendelea, kwa sababu ya vile viunganishi, ila toleo hilo marekebisho yake ya kawaida yalikoma Oktoba 2023, hivyo nalo liweke mbali na intaneti.

Kunakili faili za XP moja kwa moja naielewa kwa mtu mmoja mwenye kompyuta ya zamani inayostaafishwa na seva ya majaribio pembeni, anayejua faili zimetoka wapi na yuko tayari kubeba suala la leseni mwenyewe. Kwa chuo, hapana.

Na kama seva yako ni Ubuntu Server isiyo na madirisha, na unafundisha vijana wanaotaka kuwa mafundi wa mitandao, usihangaike na mausi. Kwenye Ubuntu andika sudo apt install bsdgames. Utapata karata za canfield, tetris na mengine yanayochezwa kwa kibodi kwenye skrini nyeusi. Vijana wangu watatu wa kozi ya jioni walizoea amri za Linux kwa njia hiyo, wakishindana alama huku wakingoja mvua ipungue ili wapate bajaji ya kurudi Iyunga.